Mshauri wa Ndoa Aliyeshika Mlango

"Haya, simu sasa imekuwa mke mwenza," Spika alitangaza, akilikunjua gazeti kwa madaha ya mtu anayefungua kikao.

Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa posta, na mpaka leo anaamini habari haijafika mpaka yeye aipige muhuri. Benchini kwetu hakuna anayemaliza sentensi bila ruhusa yake.

"Mke mwenza wa nani?" akauliza Breki. Breki ana pikapu ya kubebea mizigo, na jina hilo tulimpa kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho pikapu yake haina.

"Huko ng'ambo. Mwanamke kaenda mahakamani kudai talaka. Hakimu kamuuliza, mumeo ana mwanamke mwingine? Kajibu, ndiyo mheshimiwa, huyo hapo mfukoni mwake."

Shangazi, anayetuuzia kahawa, alicheka mpaka akamwaga. "Na huyo wa mfukoni alijitetea vipi?"

"Alizima. Chaji ilikwisha katikati ya ushahidi."

"Basi kashindwa kesi!"

"Mimi niko na yule mama," akasema Breki. "Simu inalala kifuani, inaamshwa kwa kupapaswa, inanunuliwa nguo..."

"Nguo gani?"

"Kava! Mke ana gauni la mwaka juzi, simu inabadilishiwa kava kama bibi harusi."

"Na ikianguka," Shangazi akadakia, "mwanamume anaruka kama golikipa. Mimi niliteleza jikoni juzi, wangu akaniuliza kama sijaikanyaga chaja."

"Utulivu benchini!" Spika akanyoosha mkono. "Tumsikie mtaalamu."

Mtaalamu wetu ni Laivu. Benchi lenyewe liko mbele ya duka lake la mapazia, ila mapazia siku hizi anayauza kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika simu. Laivu ni mshauri wa ndoa mtandaoni. Ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa mtaa wetu, nao wanamwita Daktari, ingawa sindano pekee anazozijua ni za kushonea. Sisi tulimwita Laivu kwa sababu hata akimeza kidonge cha kichwa, lazima watu wa hewani wamshuhudie.

"Huyo mume ni zuzu," Laivu akasema bila kuinua macho. "Mke anataka nini? Anataka kuonwa tu! Mwangalie usoni. Muulize, mama, leo siku yako imekwendaje? Kitu kidogo kama hicho." Akajifurahia mwenyewe. "Aisee, hii tamu. Ngoja niirudie hewani."

Akaiegemeza simu kwenye chupa ya kahawa na kuinyoosha kola. Shati lake lilikuwa limejikunja kama karatasi iliyotolewa kapuni. Nilimwona Breki akimkonyeza Shangazi, lakini wakati ule sikuelewa kitu.

"Karibuni wapendwa, ni Daktari wenu wa mahaba. Leo tunasema, mwone mwenzako! Maswali, maswali... Haya, huyu anajiita Sindano na Uzi. Anasema..." Akakisogelea kioo, akasoma kwa sauti ya msiba. "'Daktari, mume wangu ni mtu wa simu. Tukiwa ndani ya nyumba moja ananitumia meseji kuuliza chumvi iko wapi. Jumapili nilihama, nikarudi kwa mama. Leo ni Alhamisi, na bado hajajua. Nifanyeje?'"

Benchi zima lilipiga yowe.

"Hajajua!" Spika akasahau cheo chake. "Huyo ni mume au kabati?"

"Kabati lingejua," akasema Shangazi. "Nguo si zimepungua?"

Laivu akaweka mkono kifuani. "Dada yangu Sindano na Uzi, nisikilize. Huyo si mume, ni mpangaji. Tena mpangaji mbaya. Mwanamume asiyejua kama mke wake yuko ndani au nje hastahili hata kuchemshiwa maji ya kuoga. Usirudi! Nasema mbele ya umma, usirudi!"

Mioyo myekundu ikaanza kupanda kwenye kioo kama mapovu ya soda. Breki akakohoa.

"Daktari, nina swali la nyongeza. Shemeji hajambo?"

"Mzima kabisa. Asubuhi kaniandikia 'asubuhi njema', na ua."

"Umemwona?"

"Nimemwona hewani. Kile kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka."

"Nimekuuliza umemwona yeye, siyo taa yake."

Laivu akacheka kidogo, kama mtu anayeeleza jambo jepesi kwa mtoto. "Breki, mimi siku hizi nalala sebuleni. Soketi ya chumbani imekufa, na simu hailali bila chaji. Natoka hajaamka, narudi kalala. Lakini wiki hii nyumba imetulia, bwana! Kimya, hakuna ugomvi wala manung'uniko. Nikajua ushauri wangu umeanza kushika mpaka nyumbani."

"Kimya," Shangazi akarudia taratibu. "Hata cherehani haisikiki?"

Shemeji, mke wa Laivu, ni fundi wa kushona. Hakuna pazia dukani pale lisilopitia mikononi mwake. Cherehani yake ni ile nzito ya kukanyaga kwa miguu. Inakaa sebuleni, mkabala na kochi analolalia Laivu, na ikianza kunguruma hata majirani wanaongeza sauti za redio zao.

Laivu akainua macho kutoka kwenye simu. "Cherehani ipo."

"Ipo wapi?"

"Pale pale. Kwenye... si pale."

"Laivu," Breki akasema, na sauti ilikuwa imemshuka, "ile cherehani niliibeba mimi. Jumapili mchana. Nilibeba na masanduku yake, na kioo cha kuvalia. Ilikuwa haipiti mlangoni. Wewe ndiye uliyetushikia mlango."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa laivu, unafundisha mawasiliano ndani ya ndoa. Ulishika mlango kwa mguu, ukatuonya tusikwaruze ukuta. Shemeji akapita mbele yako na begi lake. Akakwambia, 'Mume wangu, mimi nakwenda.' Ukamjibu, 'Sawa mama, ukirudi niletee chaja.'"

Laivu alimgeukia Shangazi, labda akitarajia kwamba yeye atacheka na jambo lote liwe utani. Shangazi alikuwa anapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

"Mlijua? Wote wawili? Na hamkuniambia?"

"Alitukataza," akasema Shangazi. "Alisema, mwacheni, nataka nione atagundua lini. Mimi nikamwambia, mwanangu, kabla ya magharibi atakuwa amekufuata. Hata begi usilifungue."

Spika aliinamia simu iliyokuwa bado imeegemea chupa. "Daktari, hawa watu hawajaondoka. Wanazidi kuingia. Kuna mmoja anauliza kama mpangaji ndiye wewe." Akasogeza miwani yake. "Na huyu Sindano na Uzi ameandika tena. Anasema, 'Asante Daktari. Nimekusikia.'"

Laivu aliichukua simu, akaizima. Si kuifunika wala kuiwekea kimya. Aliizima kabisa, na ilimchukua muda, maana kile kitufe alikuwa hajakizoea.

"Ni yeye," akasema. "Nimemwambia asirudi. Mke wangu. Mbele ya watu."

"Watu wengi," Spika akasahihisha, kisha akaona haya.

"Breki, washa gari."

"Lile haliwashwi, linasukumwa."

Tulilisukuma. Lilipokubali nikarukia nyuma, maana mambo mengine mtu hangoji kusimuliwa. Shangazi akabaki kulinda mapazia.

Ngurumo ya cherehani tuliisikia kabla hatujafika kwa mama mkwe. Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, anachambua mchele. Laivu alinikabidhi simu yake pale nje. "Shika. Hata nikikuomba usinipe." Akasogea, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe njia unaijua? Nilidhani bila simu kukuelekeza utaishia baharini." Akamtazama lile shati kutoka kola mpaka pindo. "Yuko ndani. Usimpige picha."

Shemeji hakuinuka. Miguu yake iliendelea kukanyaga na kitambaa kiliendelea kupita chini ya sindano. Laivu alisimama katikati ya chumba, yeye mwenye maneno ya kugawia umma mzima, akaanza na mawili tu. Mimi na Breki tulikuwa dirishani, tunajifanya tunatazama kuku.

"Mke wangu..."

"Daktari kanishauri nisirudi."

"Daktari ni mpumbavu."

"Hapo mmeafikiana na mama."

Ndipo akainua uso. Na Laivu akamtazama. Alimtazama hasa, kwa muda mrefu, mpaka sisi wa dirishani tukaona tumezidisha.

"Tangu lini unavaa miwani?" akauliza.

Cherehani ikanyamaza.

"Tangu mwaka jana," akasema Shemeji. "Sindano zilikuwa zinanipotea mbele ya macho. Nilikwenda kupimwa peke yangu. Nilikutumia picha mbili kutoka dukani nikakuuliza ipi inanifaa, ya duara au ya pembe. Ukanijibu kwa kidole gumba."

Laivu alikaa chini, palepale kwenye vipande vya vitambaa, akaufunika uso kwa viganja. Shemeji hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akamtupia kitambaa cha kujifutia.

"Leo sirudi," akasema. "Njoo kesho, bila hicho kidude. Tukae, nione kama bado una la kuniambia mimi peke yangu."

"Na uje umeoga!" mama mkwe akapaza sauti kutoka nje.

Alikwenda kesho yake, na jioni nyingi baada ya hapo. Ukurasa wake ukapoa mpaka wafuasi wakadhani amefariki, wengine wakamwandikia rambirambi zenye mishumaa. Mwezi uliofuata Shemeji alirudi kwake, baada ya soketi ya chumbani kutengenezwa na simu kuhamishiwa dukani, huko ndiko inakolala.

Lakini siku ile mimi na Breki tulirudi benchini tukawasimulia wenzetu yote, tangu mchele mpaka kidole gumba. Shangazi alipangusa macho. Spika alisikiliza bila kutukatiza hata mara moja, jambo ambalo lilitutia wasiwasi.

Tulipomaliza alikunja uso kama mtu anayetafuta anwani iliyofutika.

"Hivi," akasema mwishowe, "mke wangu... mwanya anao au hana?"

"Mzee!" Shangazi akamaka. "Umeishi naye tangu sisi hatujazaliwa! Halafu wewe simu yenyewe huna!"

"Ndiyo maana nina haraka," akasema Spika, tayari yuko barabarani. "Sina hata cha kusingizia."

Breki alimtazama mpaka akapinda kona. Kisha naye akainuka, akasema amekumbuka kitu nyumbani, na akaniomba nimsukumie gari.