Maswali na Mlango wa Rangi Kumi na Mbili

Njooni, enyi wapenda mambo makubwa! Vuteni viti, zimeni simu, mpeni mtoto kitu cha kutafuna ili anyamaze, maana leo nasimulia vita ambavyo majemedari wa kale wangevisikia wangeingia uvunguni. Nasimulia habari za Maswali, binti wa fundi viatu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa tatu, mla vitabu vinene, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika bisibisi. Na jinsi alivyouangusha mlango wa choo cha chekechea, Jumatano moja, kabla ya saa sita mchana.

Hata ilipotimu saa mbili asubuhi, basi la chuo likasimama mbele ya chekechea, na jeshi la watu kumi na wanane likashuka, wamevaa fulana nyeupe zilizoandikwa mgongoni “Tunahudumia Jamii”. Mbele yao alitangulia Mratibu wa Huduma kwa Jamii, mwenye kofia pana na sauti pana zaidi, amekumbatia ndoo ya rangi ya zambarau kana kwamba ameiokoa kwenye mafuriko. Maana kwa kanuni ya chuo kile, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu sharti aitumikie jamii saa ishirini ndipo ahitimu. Na kwa muda wa miaka kumi na miwili jamii ilikuwa ikitumikiwa kwa namna moja tu, nayo ni kupakwa rangi.

Mratibu akapanda juu ya benchi la watoto, benchi likalia, akanena: “Enyi vijana wa elimu! Leo kuta hizi zitatutambua! Leo brashi zetu zitasema, na jamii itasikia!”

“Kuta zinawatambua sana,” akasema Mwalimu Mkuu wa chekechea, mama wa makamo mwenye adabu zake na chaki sikioni. “Karibuni, wanangu.”

Majeshi yakashambulia ukuta. Maswali, aliyepewa jina hilo na shangazi zake kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo, akatumwa kuchota maji. Huko bombani, nyuma ya madarasa, ndiko alikomkuta Chiriku.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka mitano na maneno ya mtu wa miaka sitini. Lakini siku hiyo alisimama kimya mbele ya mlango wa choo, mikono nyuma, akiutazama mlango kama unavyomtazama mtu aliyekusengenya. Midomo yake ilikuwa mikavu. Maswali akamjazia kikombe.

“Sitaki maji,” Chiriku akasema.

“Kwa nini?”

“Nikinywa nitataka kwenda chooni.”

“Si uende?”

“Mlango haufungiki. Wiki iliyopita Bonge alinishikia kwa nje. Mpira ukapita, akaufuata.” Akatazama vidole vya miguu yake. “Upepo ukafungua. Darasa lote wakaniona.”

Moyo wa Maswali ukamchoma, nami nasema wazi kwamba hata wangu ulinichoma. Akaenda mbio kumwuliza Mwalimu Mkuu, naye akamweleza yote: mtoto hanywi tone tangu asubuhi hadi jioni, wiki ya pili sasa, kichwa kinamuuma, mara mbili amelala mezani, na bibi yake, aliyemlea, ameapa kwamba ikifika Ijumaa hali ni hiyo hiyo, mjukuu atabaki nyumbani wala hatamrudisha.

“Sasa mwalimu, miaka kumi na miwili tunakuja hapa. Mbona hamkutuambia?”

“Hakuna aliyeuliza, mwanangu. Mnashuka kwenye basi brashi tayari ziko mkononi. Mgeni kakuletea ndoo nzima ya rangi, uanze kumweleza habari za choo?”

Ndipo Maswali, simba jike wa maktaba, akafunga kitambaa kichwani, akaazima bisibisi kwa dereva wa basi, akaukabili mlango.

Ulikuwa mlango mnene, mwenye kiburi. Akalikagua komeo: zima kabisa, linang'aa. Akalichunguza tundu lake kwenye fremu: zima. Akausukuma mlango, ukagoma, umebaki nje kwa upana wa kidole. Akausukuma kwa bega. Akausukuma kwa mgongo. Akarudi hatua saba, akaitaja roho ya baba yake fundi viatu, ingawa mzee yu hai na mzima wa afya, akaurukia kwa nguvu zote. Mlango ukamrudisha alikotoka, akakaa chini matopeni kwa heshima zote za jemedari aliyejeruhiwa. Chiriku akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki hiyo.

Papo hapo matopeni shujaa akauliza swali litakaloimbwa na vizazi: “Mwalimu, kwani mlango huu haujawahi kufungika?”

“Ulikuwa unafungika vizuri tu,” akajibu Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amemfuata, kwa upole mwingi, “kabla hamjaanza kuja.”

Maswali akainuka polepole. Akaukwaruza ukingo wa mlango kwa bisibisi. Ganda likabanduka, nene kama soli ya kiatu, na ndani yake, mmoja juu ya mwingine, ilionekana miaka yote ya huduma kwa jamii: manjano, kijani, waridi, bluu, maziwa, kijani tena, na kuendelea. Rangi kumi na mbili! Kila kundi lilikuja na yake, na kila kundi, kwa moyo mweupe, liliukumbuka na mlango. Chuo kikuu kilikuwa kimeunenepesha mlango wa choo mpaka umekataa kuingia nyumbani kwake.

“Simama!” ikanguruma sauti. Ni Mratibu, amefika na brashi inayochuruzika zambarau. “Binti, wabandua? Tumekuja kupaka, nawe wabandua? Fomu inauliza mita za mraba zilizopakwa! Nitawajibu nini wakubwa?”

“Waambie tumebandua nusu mita, Mratibu. Mtoto hanywi maji kwa sababu yetu.”

“Kwa sababu yetu?”

Maswali akamwonyesha ganda. Mratibu akalipokea, akavua kofia, akaligeuza juani. Akaweka kidole kwenye mstari wa tisa, rangi ya chungwa.

“Hii yangu,” akasema, na sauti yake pana ikawa nyembamba ghafla. “Nilikuwa mwaka wa tatu. Niliupaka mlango huu mara mbili, ili upendeze.” Akamwangalia Chiriku, akaangalia kikombe kilichojaa pale chini. Kisha akaitupa brashi, akakunja mikono ya shati. “Nipeni msasa. Chungwa nalitoa mwenyewe.”

Ewe kalamu, utawezaje! Watu kumi na wanane wakauacha ukuta nusu zambarau, wakaja na misasa, vijiko, funguo za nyumbani, na mmoja kwa kitambulisho chake cha chuo. Rangi zikanyesha. Manjano ikaanguka, waridi ikasalimu amri, chungwa ikapigana hadi mwisho. Hata ilipokaribia saa sita, mbao zikaonekana, nyembamba, zenye haya. Maswali akausukuma mlango kwa kidole kimoja, nao ukaingia kwenye fremu bila ubishi.

Chiriku akaingia peke yake. Umati wote ukageuka nyuma, kwa adabu, ukitazama ukuta.

*Tak*, likasema komeo.

Mratibu alifumba macho. Kisha kutoka ndani ikaja sauti, kwanza ndogo, halafu ikashika kasi, ikisimulia habari za mpira, na Bonge, na paka wa jirani aliyezaa watoto wanne, bila kituo wala kupumzika, kwa yeyote aliyekuwa nje na asiyeweza kumwona. Mwalimu Mkuu akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia ubao, akabaki na uso mweupe pe.

Basi na iandikwe, enyi watunza kumbukumbu, karibu na habari za ngome zilizotekwa na bahari zilizovukwa, kwamba siku hiyo komeo lilifunguka kwa ndani, na mwenye kulifungua akatoka kichwa juu, akanawa mikono, akamvuta Maswali fulana.

“Dada,” akasema, “naomba maji.”

Akanywa kikombe kizima. Akaomba cha pili.