Taa ya Zambarau na Kitabu cha Marehemu Amthor

Jumatatu, 7 Oktoba 1996. Celle.

Taa imefika kwa posta. Ni ya mwanga wa zambarau, kama zile za benki za kukagulia noti bandia. Ukiimulika karatasi ya wakati wa vita, inabaki imefifia, rangi ya uji. Karatasi ya miaka ya baadaye ina dawa ya kuing'arisha. Hiyo huwaka buluu kama shati la bwana harusi. Ubishi umekwisha.

Chama chetu hukusanya miongozo ya marubani na mafundi wa jeshi la anga la wakati wa vita. Anayeamua kipi halisi na kipi bandia ni mwenyekiti, Gernot Wülfing. Anaamua kwa kunusa. Anafumba macho kama mtu anayechagua jibini, anasema "arobaini na tatu", yaani mwaka wa 1943, na watu wazima wanapiga makofi. Mimi nimetengeneza meno bandia maisha yangu yote. Kitu bandia nakijua. Hakuna aliyewahi kuniomba ninuse chochote.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeijaribu taa ndani ya kabati la nguo, kwa sababu ya giza. Miongozo yangu imefifia vizuri. Isipokuwa ule wa mitambo ya redio, ninaoupenda kuliko yote. Umewaka. Nadhani taa ilikuwa haijapata moto sawasawa.

Dada yangu Hiltrud amefungua kabati na kunikuta nimechuchumaa chini ya makoti. Akasema supu ya dengu inapoa. Mezani akasema, "Baba alipanda ndege na kitabu kama hicho mapajani, kaka, hakurudi. Na wewe unachotaka kujua ni kama karatasi ni halisi." Supu ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bahati yangu. Bi Liesbeth Amthor, aliyefiwa na mumewe majira ya kuchipua, atakabidhi mwongozo wa marehemu Jumapili ili uwekwe kwenye kabati la kioo la chama. Marehemu Reinhold alimwambia kila mtu kwamba alikuwa fundi wa ndege za kivita. Gernot ameshaunusa na kuupitisha.

Nimekwenda kumjulia hali. Nikaomba kuuona mwongozo, kisha nikaomba kwenda msalani, mwongozo ukiwa ndani ya sweta. Msala wake hauna dirisha. Nikawasha taa. Uliwaka kama dirisha la duka wakati wa Krismasi! Hata pini za chuma zilizoshika kurasa katikati hazina chembe ya kutu. Nilikaa ukingoni mwa bafu nikifikiria uso wa Gernot. Naandika ukweli: nilifurahi.

Nilipotoka, Bi Amthor alikuwa amenikatia kipande cha pili cha keki ya plamu. Akanieleza kwamba kila msimu wa baridi Reinhold alimsomea jinsi ya kuwasha injini kwenye baridi kali, mpaka na yeye akaijua. Akanitajia hatua zote, akiwa ameshika birika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hiltrud amenibana mpaka nikamwambia mpango wa kesho. Akauliza, "Na yule mjane?" Nikamjibu kwamba ukweli hauna mjane. Nimeipenda sentensi hiyo. Yeye amechukua sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni.

Jumapili, 13 Oktoba

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Ukumbi wa nyuma wa mkahawa ulijaa. Gernot akanusa, akatangaza, "Arobaini na nne." Makofi. Nikasimama, nikaomba mapazia yafungwe, nikasema sasa tutaisikiliza sayansi. Nikawasha.

Vikawaka kwanza vitambaa vya meza. Yakafuata mashati. Kisha watu wakacheka, na hapo ndipo palipoharibika. Meno ya kuzaliwa nayo hung'aa kwenye mwanga ule. Ya bandia hayang'ai. Mdomoni mwa Gernot safu nzima ya juu ilikuwa shimo jeusi. Nusu ya chama ilikuwa mashimo. Kazi yangu hiyo, na kila mmoja nilimwapia kutunza siri. Mke wa mweka hazina alimtazama mumewe kama mgeni aliyeingia nyumba siyo. Mwongozo uliwaka buluu mezani na hakuna aliyeutazama, ila Bi Amthor.

Gernot alinifuata koridoni, mkono mdomoni. "Ortwin, unadhani mimi sina macho? Pini hazina kutu, niliziona siku ileile. Halafu nikamtazama yule mama, nikasema arobaini na nne. Wewe ungesema nini?"

Kabla sijajibu, Bi Amthor akatoka na koti lake. Akasema kwa utulivu kwamba kitabu kilinunuliwa Hannover, dukani, miaka mingi baada ya vita, na yeye mwenyewe alikuwapo, ameshika mwavuli. Reinhold hakuwa fundi. Alikuwa akimenya viazi jikoni mwa uwanja wa ndege.

"Asubuhi alipakua sahani nyingi," akasema. "Jioni aliosha chache. Alidhani kama angekuwa fundi, labda angekaza kitu fulani, na rubani mmoja angerudi. Basi akawa anasoma."

Akamshukuru Gernot. Mimi akanikabidhi kitabu. "Kaa nacho, Bwana Kagelmann. Kabatini hakitaenda tena." Nikabaki nimekishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo sikutoka. Nimekisoma chote. Kwenye ukurasa wa kuwasha injini kwenye baridi, Reinhold amechora vistari vya penseli, pale alipopumzika ili mkewe arudie. Vingine vimekolezwa, kama alipita hapo miaka mingi. Sijawahi kuguswa hivi na karatasi. Nilimsomea Hiltrud. Akapangusa macho, akanipa kiazi kikubwa, akasema huenda nimeanza kuwa mtu.

Nimefikiri sana, na nimeamua. Mtu kama Reinhold hastahili kitabu bandia. Nimempigia simu bwana mmoja wa Braunschweig mwenye karatasi tupu za wakati wa vita, kutoka stoo ya ofisi iliyofungwa. Herufi nitazipanga mwenyewe. Mkono wangu umezoea vitu vidogo. Pini zimeshalowekwa kwenye siki ili zipate kutu. Krismasi nitampelekea Bi Amthor mwongozo halisi kabisa, ambao hakuna atakayeutilia shaka.

Hiki cha zamani, chenye vistari vya penseli, nitakichoma, kisije kikawachanganya watu.