Malalamiko Dhidi ya Kanisa la Nyuma ya Minyaa Yangu

Kitongoji cha Bugalamilo,
Njia ya kwenda Bulyanhulu.

Kwa Mchungaji Athanas na Baraza lako la Wazee,

YAH: KUSUMBULIWA KWA WEMA, NA KUCHELEWA KWENU KUHAMA

Mwadila, Mchungaji. Natumaini u mzima, na mama mchungaji Rebeka naye hajambo. Mimi mwili hauna neno ila moyo una hasira.

Mzee Sostenes ametupitia majirani nyumba kwa nyumba, akatuambia kwamba kanisa limejaa, kiwanja hakitoshi, na mnafikiria kuhamia barabarani kwenye maduka ya wachimbaji. Akasema mnaomba maoni yetu kabla hamjaamua. Maoni yangu ni haya: hameni, tena upesi. Mimi Maduhu, jirani yenu wa upande huu wa ua wa minyaa, mwenye kibanda cha mizimu ya babu zangu uani, mtu ambaye hajakanyaga ndani ya kanisa lenu hata mara moja, nina sababu zifuatazo.

1. Spika. Mlipofika hapa mliifunga juu ya mkwaju, mdomo wake ukielekea dirisha langu. Mkaniita mpotevu tangu alfajiri, nami nikafungulia redio mpaka betri zikaomba poo. Ulikuwa ugomvi mzuri, kila mtu akijua zamu yake. Siku moja nikaja kulalamika, nikitegemea mtanijibu jeuri. Kumbe! Mzee Sostenes akasema, “Pole sana, Baba Charles, hatukujua,” akapanda mtini mwenyewe na uzee wake, akaishusha. Nani aliwatuma mnisikilize? Nimebaki na redio kubwa isiyo na adui.

2. Mguu wangu. Mwaka ule jembe la ng'ombe liliponiangukia, mvua ilikuwa imeshashika na majaruba yangu yamejaa maji bila mche hata mmoja wa mpunga. Wakaja akina mama wa kanisa, Mama Paskazia mbele, wakapandikiza majaruba yote. Nilijua mnakuja kunihubiria mgonjwa asiyeweza kukimbia, kwa hiyo nilikuwa nimeandaa majibu makali, nimeyapanga vizuri kichwani. Hakuna aliyehubiri! Walipokaa kupumzika wakala michembe ya viazi vitamu na karanga walizokuja nazo wenyewe, wakati kila Msukuma anajua kwamba aliyelimiwa ndiye hulisha. Nikaona aibu. Nikamwuliza Mama Paskazia waziwazi, mnaanza saa ngapi? Akanijibu, “Kuanza nini, baba? Mbona tumeshamaliza.” Majibu yangu yote bado ninayo, na yanazidi kuchacha.

3. Hapa ndipo penye hila yenyewe. Mnajua desturi yetu: ukilimiwa, nawe utalima, la sivyo majirani watakutenga, hata moto hutapewa. Mguu ulipopona nikaja kuuliza shamba la kulipia liko wapi. Mkanijibu kwa sauti ya upole kwamba kikundi hakina shamba msimu huu, kinafyatua matofali. Matofali ya nini? Ya kanisa! Nikakanyaga udongo wenu, nikachoma tanuri lenu, nikapandisha kuta zenu. Nasisitiza kwamba hata hapo sikuingia kanisani, maana nyumba isiyo na paa ni ua tu. Na siku ya kuezeka nilikuwa juu nikipigilia misumari. Juu ya kanisa si ndani ya kanisa, na mtu yeyote aliyesoma atakubali.

4. Ngoma. Mimi siwezi kufanya kazi ya watu wengi bila ngoma. Hiyo ni kazi ya maksai. Nilikuja na yangu kwenye matofali, kwaya ikaisikia, ikaiazima. Mwalimu wenu Davis anaipiga kama anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Kila Jumapili nalazimika kubeba kigoda, kukaa nje ya dirisha, na kumwonyesha kwa mkono mpigo unapoangukia. Watu wameanza kusema Maduhu anasali. Jina langu linaharibika. Dirisha si mlango.

5. Kibanda cha babu zangu. Wahubiri wa zamani walikipita wakitema mate, nami nikapata la kusimulia kilabuni mwezi mzima. Mzee Sostenes akija kuteka maji kisimani kwangu hukizunguka polepole na kunisalimia. Nitamsimanga kwa lipi?

6. Hili naandika kwa shida. Duara, lile shimo la dhahabu, lilipoporomoka kule machimboni na mwanangu Charles yumo chini, niliogopa, Mchungaji. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ulikuja ukakaa nami pale juu kwenye kifusi, na upande wa pili akakaa Mzee Salum wa duka la vyuma akivuta tasbihi yake. Nilisubiri uniambie ni adhabu ya ukaidi wangu, nikutandike ngumi, nipate nafuu. Wewe ukashika kamba na wachimbaji mkavuta mpaka Charles akatoka, kafunikwa vumbi, akiomba maji. Ulilia kuliko mimi. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Kwa hayo yote, hameni. Lakini hameni kwa haki, mkizingatia masharti yafuatayo.

Kwanza, matofali yangu yabaki. Kwa kuwa sikuyatia alama, na hakuna ajuaye lipi langu lipi la Mama Paskazia, haki inataka ukuta wote ubaki, na kwa kuwa paa limekaa juu ya ukuta, nalo libaki. Milango mnaweza kuchukua. Pili, mwondoe nyimbo zenu kinywani mwa mke wangu Scolastika. Anaziimba akikamua, na sasa ng'ombe yule mwekundu hatoi maziwa akisikia wimbo mwingine. Mimi nikikamua nafanyaje? Nimelazimika kujifunza ubeti wa kwanza na kiitikio.

Tatu, kabla hamjaondoka, rudisheni spika juu ya mkwaju japo wiki moja. Niiteni mpotevu. Nipeni hasira ya kuwasindikizia, maana kuagana na jirani bila ugomvi ni kazi ngumu, mtu anabaki anatazama barabara. Huko mwendako hamtapata jirani kama mimi. Wenye maduka wale watawavumilia tu, na kanisa linalovumiliwa hulala usingizi.

Naomba barua hii isomwe mbele ya Baraza zima, kwa sauti, Mzee Sostenes akiwepo.

Msalimie mama mchungaji, Mama Paskazia na kikundi chake chote, na Mwalimu Davis, umwambie mkono wa kushoto uwe mwepesi. Scolastika anawasalimu, Charles anawasalimu, na ng'ombe mwekundu yupo.

Ni mimi jirani yenu mwenye kinyongo,
Maduhu wa Mageni.

N.B. Nimesahau jambo dogo. Hoja yenu kwamba kiwanja hakitoshi imepitwa na wakati. Jana mimi na Charles tuling'oa minyaa yote kuanzia mkwaju mpaka karibu na kisima. Nilikusudia kujenga zizi jipya, lakini Scolastika amenionyesha kwamba ng'ombe wana nafasi ya kutosha. Mwenyekiti wa kitongoji nimeshamwambia. Mzee Sostenes aje na kamba Jumamosi tupime, ila kibanda cha babu zangu kamba ikizunguke, kama azungukavyo yeye. Kazi ya kuongeza jengo nitakuja na ngoma, na safari hii chakula ni changu.

Nina ombi moja tu kwa fundi: mlango mpya autoboe upande wangu. Mguu huu hauwezi tena kuzunguka.