Kipimo cha Emmett na Mtutu Mpya

Jumatatu, 2 Septemba
Mtutu mpya umefungwa! Bunduki ya marehemu kaka Emmett imezaliwa upya. Mtutu wa zamani ulikuwa umelika mpaka risasi zinatangatanga kama mbuzi wasio na mchungaji. Fundi Hokanson akaniusia nianze na baruti kidogo, nipande polepole. Nikamshukuru. Sitafanya hivyo. Kipimo cha Emmett cha kujazia baruti kwenye maganda kimo kwenye daftari lake, kwa penseli, kimepigiwa mstari mara mbili. Alikitumia miaka kumi na tisa. Jumamosi ni shindano la klabu. Bibi Ardith Nyquist, mjane wa miaka sabini na moja, alimshinda Emmett kila mwaka hadi Februari tulipomzika kaka. Mwaka huu atanitambua.

Jumanne, 3 Septemba
Uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza: mlio mkali, bega limewaka. Komeo, chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, likagoma kufunguka. Nikaligonga kwa kiganja, kisha kwa kipande cha ubao. Ganda likatoka na alama inayong'aa kitakoni, fataki yake, kile kidude cha kuwashia baruti, imebapa kama sarafu iliyopitiwa na treni. Bibi Nyquist akaliokota, akaligeuzageuza juani, akauliza nimetia baruti kiasi gani. Nikamjibu ni siri ya familia.
"Orville mwanangu, ganda halijui siri. Hili linapiga yowe."
Maganda yote nimeyaficha kwenye kopo la kahawa.

Jumatano, 4 Septemba
Kosa nimelipata: ukavu! Nimepaka risasi mafuta. Komeo likawa gumu maradufu. Nikatumia nyundo ya mpira. Nikampigia Hokanson simu kumwambia kazi yake mbovu. Hakukasirika, jambo lililoniudhi. Akasema ganda lenye mafuta halishiki kuta, linateleza na kulisukuma komeo kwa nguvu zote. Akauliza kama nimepima risasi zinavyokaa ndani ya ganda. Emmett alizitokeza mbele kwa sababu mtutu wake ulikuwa umelika. Katika huu mpya zinabanwa na mifuo ya ndani, ile inayozizungusha, kabla hazijaanza safari.
"Kipimo kile ni cha mtutu ule, Bwana Tackett. Na ule umekufa."
Nikakata simu. Nikaenda gereji, nikalifungua daftari. Mwandiko wa Emmett umelalia kushoto. Sikuweza kuandika namba nyingine chini yake.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimesoma kwamba joto huipa baruti nguvu. Kumbe ni jua! Nimelaza risasi ishirini kwenye friza, kati ya njegere na soseji za kulungu. Mke wangu Lorraine akazikuta akitafuta chakula cha jioni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama za kuchemsha au za kukaanga. Kisha akasema Emmett angenicheka. Nikasema Emmett angenielewa.
"Vyote viwili, mume wangu." Akafunga friza taratibu.

Jumamosi, 7 Septemba
Naandika kwa shida. Asubuhi risasi zilikuwa baridi, safi kabisa. Nikaziweka juu ya dashibodi ya gari, nikaenda kujiandikisha. Shemeji Darrel akanikamata anieleze habari za goti lake. Saa nzima! Niliporudi zilikuwa za moto kama mayai ya kuchemsha. Nikazipuliza.
Risasi ya pili. Fataki ikatoboka, gesi ikanirudia usoni. Kioo cha kushoto cha miwani kimechimbika pale pale lilipo jicho. Sikusikia kitu. Niliona midomo ya Bibi Nyquist ikienda, na mikono yake imenishika kichwa. Aliiacha zamu yake. Hakupiga hata risasi moja. Masikio yalipozibuka alikuwa anasema, "Nimemzika Tackett mmoja mwaka huu. Wa pili simtaki."
Miaka yote nilidhani alikuwa anamcheka kaka yangu.
Lorraine alinisafisha uso kwa spiriti. Afadhali mlipuko.

Ijumaa, 13 Septemba
Hokanson amelitoa komeo, amekagua kila kipande. Hakuna ufa. Nilikaa mezani kwake kama mwanafunzi. Tukazikalisha risasi ndani zaidi, tukapunguza baruti sana, tukapanda hatua kwa hatua, ganda moja moja likikaguliwa. Fataki zimebaki na mviringo wake. Matundu matatu kwenye shabaha yanafunikwa na kifuniko cha chupa! Nikaandika kipimo kipya kwenye ukurasa mtupu. Machozi yakanilengalenga. Jioni nilimpelekea Bibi Nyquist pai ya tufaha. Akanikatia nusu, akanisimulia jinsi Emmett alivyokuwa akimbebea bunduki hadi garini kila aliposhindwa.

Jumapili, 15 Septemba
Nimetafakari sana. Maganda ya Ijumaa hayana doa. Komeo linafunguka kwa kidole kimoja. Kimoja! Mwenye akili ataona: mtutu huu una nafasi tele bado. Hokanson ni mtu mwema, ila kazi imemtia woga. Nimeongeza punje chache za baruti. Chache mno, hata hazistahili kuandikwa. Lorraine ametangulia kanisani. Nimemwambia nina kazi ndogo tu uwanjani, nitamkuta kwenye wimbo wa pili.