Mkono Mwepesi na Koti la Buluu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa chumba cha kufungia sabuni. Limebandikwa juu sana, wafupi wakaomba kusomewa. Nikawasomea mimi. Maneno magumu niliyaruka, hayakuwa na maana yoyote. Kuanzia wiki ijayo kiwanda hakitalipa tena kwa siku, kitalipa kwa katoni. Jumatano atakuja mtaalamu na saa ya kubonyeza, apime mtu anafunga katoni ngapi kwa saa. Atakachopima ndicho kitakuwa kiwango. Asiyekifikia, kibarua kimeota nyasi.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, akakaa juu ya katoni tupu. Ana mtoto mchanga. Chama cha wafanyakazi kilihangaika miaka na miaka mpaka wanaonyonyesha wakapewa saa moja ya mchana, yenye malipo. Mke wangu humleta mtoto getini, mpwa hutoka, mtoto hushiba. Sasa ikija hesabu ya katoni, nani atathubutu kutoka? Na mume hana. Yule bwana aliaga anakwenda kununua vocha ya simu. Mpaka leo anachagua.

Mchana tukakutana nyuma ya tangi la magadi. Katibu wa chama ni mama mmoja tunayemwita Mizani, kwa sababu akikutazama unajiona unapimwa. Akasema Jumatano tufanye kazi polepole, wote, kama mtu mmoja. Siyo uvivu, akasema, ni mwendo ambao binadamu anaweza kwenda nao mwaka mzima bila kuvunja mgongo. Atakayekimbia siku hiyo moja, sote tutakimbizwa maisha.

Tukala kiapo. Mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikataka kuongezea habari ya lile lori nililowahi kulipakia peke yangu, mpaka dereva akatoa machozi. Mizani akaniambia nikae chini. Wivu!

Jambo moja sikuwaambia. Msimamizi wetu amestaafu. Koti lake la buluu bado linaning'inia msumarini. Nimelijaribu kwa macho. Linanitosha kabisa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mazoezi ya polepole. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii!

Jirani yangu wa meza, mwembamba mmoja aitwaye Kijiti, anajiona ana mkono kunizidi. Leo kila baada ya kipande aliinama kufunga kamba za viatu. Amevaa ndala. Mizani anafuta miwani. Mpwa wangu anapuliza kila sabuni kana kwamba ni chai ya moto. Mimi najizuia, mkono unatangulia. Najizuia, mkono huo! Kipaji ni mzigo.

Mpwa akaninong'oneza kwamba kesho, Mjomba, tafadhali, hicho kimbelembele nikiache nyumbani. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Jioni nikapita mbele ya ofisi ya Bosi, kwa bahati tu. Mara tatu. Akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nikagusia koti, kwa mbali, kwa heshima. Akasema kesho ataona nani ana mkono. Alisema mkono! Tena alisema akinitazama mimi. Hapakuwa na mtu mwingine, lakini hata hivyo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Niandike haraka kabla watu hawajaipotosha.

Mtaalamu kaja. Kijana wa shati la kunyooshwa, saa inaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Tumempa jina papo hapo: Bwana Saa. Akapita meza kwa meza. Watu walikuwa wazuri, lazima niseme. Kijiti alifunga sabuni kama mtu anayevalisha maiti. Mizani, taratibu, uso mkavu. Mpwa wangu, hata mimi nilidhani anaumwa. Bwana Saa akaandika, akapiga miayo, akaandika. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Akafika kwangu. Na mimi nilikuwa polepole! Shahidi Mungu. Kipande cha kwanza, polepole. Cha pili, polepole. Ndipo akanitazama mvi, akatabasamu, akasema, "Usijali, mzee. Wewe nitakupunguzia kwa ajili ya umri."

Mzee! Kwa ajili ya umri!

Nyuma yake Bosi amesimama. Nyuma ya Bosi, koti la buluu.

Sijui nani alianza, mimi au mkono. Karatasi, kunja, kunja, ndani, selotepu, muhuri, inayofuata! Katoni zikawa zinaruka mezani. Chumba kizima kilinyamaza. Nilisikia selotepu yangu peke yake ikilia, kriii, kriii. Nikadhani ni heshima. Nilipomaliza saa nzima nikainua kichwa na jasho langu, nikamwuliza Bwana Saa hayo ya umri anayaonaje sasa.

Akaandika kwa muda mrefu.

Mpwa wangu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Nadhani alichoka kwa kunitazama.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hakuna anayenisalimu. Nikikaa benchi la chai, benchi linabaki langu. Nikawaeleza kwamba ulikuwa mpango: Bosi ashangae thamani ya wafanyakazi, aongeze malipo. Kijiti akasema na yeye ameshangaa, tena hajamaliza. Mizani alinitazama tu. Nikahisi kilo zangu zote.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kiwango kimetoka. Ni changu! Chote! Saa yangu moja ya Jumatano ndiyo saa ya kila mtu, kutwa, kila siku. Picha yangu imebandikwa ukutani, nimefumba jicho moja. Bosi kanipa mkono mbele ya watu.

Nikauliza kuhusu koti. Akasema msimamizi hahitajiki tena, sasa kiwango kitasimamia. Koti amempa Bwana Saa, kama ahsante.

Mikono ya koti mirefu ile! Halimfai hata kidogo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kiwango ni cha kichaa. Nani mwenye akili anaweza kwenda hivi kutwa nzima? Mimi mwenyewe sikukifikia Jumatatu. Jumanne sikukifikia. Jana kifundo cha mkono kilivimba kama andazi. Leo nimeonywa kwa maandishi, nikiwa nimesimama chini ya picha yangu.

Mchana nilimwona mke wangu kupitia dirisha. Yuko getini na mtoto, juani, kitambaa kichwani mwa mtoto. Anasubiri. Mpwa hakutoka. Alikuwa anafunga, anafunga, kifua cha gauni kimelowa maziwa, macho kwenye katoni. Mlinzi akamwambia mke wangu arudi nyumbani tu. Akasimama kidogo zaidi. Kisha akarudi.

Nyumbani mke wangu alinipa chakula bila kuniita Baba Fulani wala nini. Aliweka sahani akaondoka.

Mimi si jiwe. Nitamsaidia mtoto wa dada yangu. Kichwa changu kimeanza kufanya kazi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mpango! Mzuri mpaka naona aibu kuwa nao peke yangu.

Kila mfungaji ana muhuri wenye namba yake. Katoni ikishagongwa, ni yako. Basi mpwa anapoinama kuvuta sabuni, mimi naazima muhuri wake na kumgongea katoni zangu chache. Lakini zangu hazinitoshi hata mimi. Ndipo akili: chini ya katoni naweka kadibodi iliyokunjwa, juu napanga sabuni safi, nafunga. Nje huoni kitu. Katoni moja inachukua nusu ya muda!

Jioni mpwa amefikia kiwango. Alihesabu mara mbili, haamini. Akasema labda mikono yake imeanza kuzoea. Akacheka kidogo. Sijamwona akicheka tangu mwezi uanze. Sikumwambia. Wema unafanywa kimyakimya.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Lori lililopeleka sabuni madukani limerudi na mzigo. Wenye maduka wamefungua katoni wakakuta kadibodi. Muhuri ni wa mpwa wangu.

Bosi anasema ni wizi. Chama kimedai kikao kabla hajafukuzwa, kesho asubuhi. Mpwa amelia jikoni akisema hajui kilichotokea. Mke wangu akamwambia atajulikana tu aliyefanya, huku akinitazama mimi. Nikatoka kuangalia hali ya hewa.

Nimeamua kunyamaza. Nikifukuzwa mimi, nani atailisha nyumba? Ukifikiria vizuri, kunyamaza kwangu ni kwa faida yake.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Kikao. Mizani alisimama upande wa mpwa wangu, akasema maneno mazito. Akasema kama si kiwango hiki cha ajabu, binti huyu angekuwa ananyonyesha mtoto mchana na hakuna katoni ambayo ingerudi. Bosi akaanza kulegea, nakuapia. Alishaanza kusema labda onyo tu.

Nami nilikuwa kimya kama maji mtungini! Ningetoka pale salama, naye salama. Lakini Bosi akaiinua ile kadibodi, akaigeuzageuza, akasema hata hivyo aliyefanya hivi ni mtu wa hovyo, tazama alivyokunja, kazi ya kitoto.

Kitoto!

Nikasimama. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mkunjo ule hakuna mtu mwingine kiwanda kizima anayeweza kuukunja. Mkunjo wa pembe nne, bila gundi, unabeba sabuni juu na haubonyei. Huo ni mkono wa bingwa.

Mpwa wangu alifumba macho.

Bosi akauliza, taratibu, mkono wa nani.

Tumefukuzwa wote wawili. Mimi kwa mkono, yeye kwa muhuri. Mizani alipigana mpaka sauti ikamkauka, akampatia binti malipo mpaka mwisho wa mwezi. Kwangu hakupigana. Nilimkumbusha kwamba mimi pia ni mwanachama. Akasema anakumbuka, sana.

Njiani mpwa hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimchukua mtoto kwa mke wangu, akakaa kizingitini, akamweka kifuani. Ilikuwa mchana. Akasema tu, angalau leo, Mjomba, amenyonya mchana.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Nimepata njia! Ng'ambo ya reli kuna kiwanda cha mishumaa, wanachukua vibarua. Tumekwenda mimi na mpwa. Foleni ndefu. Akina mama waliotangulia wakatunong'oneza kwamba kuna majaribio ya kufunga mishumaa, wanapima kwa saa, kwa hiyo tuelewane, twende polepole, wote. Mpwa akanishika shati kwa nyuma na hakuliachia. Akasema, Mjomba, kwa ajili ya dada yako. Nikamwapia. Safari hii kwa dhati kabisa, machozi yakinilenga.

Tukaingia. Na aliyesimama kule mbele ni nani? Bwana Saa! Ndani ya koti langu la buluu, mikono imemfika vidoleni. Akanitazama, akanitambua, akasema kumbe mzee bado unaweza kusimama.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Lakini ungeuona uso wake!

Mpwa wangu hajasema neno tangu tuvuke reli. Nadhani ni fahari.