Kansa Yangu na Jirani Sumaili

Jumatatu, 5 Machi 1984
Daktari Onema amesema wazi: kansa ya tezi dume. Nikatafuta kiti. Kumbe nimeshakaa! Akanituliza: haijatoka nje ya tezi, inatibika. Nipasuliwe, au nikapigwe miale kwa mashine huko Kinshasa, wiki saba, siku tano kila wiki. Nimechagua miale. Kisu, hapana! Mke wangu Hadidja amelia, kisha akaanza kunifulia mashati.

Jumatano, 7 Machi
Sumaili, jirani yangu na mkuu wa mtaa hapa Alunguli, Kindu, asijue kamwe. Angetangaza pande zote mbili za mto. Nimemwambia chama tawala kimeniita Kinshasa kushauri juu ya reli. Mimi, karani mstaafu wa stesheni! Ameamini. Amenuna kwa wivu. Siku nzuri.

Jumamosi, 10 Machi
Balaa! Sumaili kaleta uwanja wa ndege wanawake wa chama waniage kwa ngoma na nyimbo. Eti nihutubu. Mkojo ulinibana tangu neno la kwanza. Nikakimbilia nyuma ya banda. Nikamkuta Sumaili mwenyewe, amesimama, anangoja mkojo utoke.
Akaninong'oneza, "Ndugu, hii njo shida yangu mwaka muzima. Usiambie muntu."
Nikamwambia yote. Jumatatu aende kwa Onema, asubuhi! Akanikumbatia. Ndege nusura iniache.

Ijumaa, 11 Mei
Nimerudi Kindu! Nimelala chini ya mashine mara thelathini na tano, dakika chache kila mara. Haiumi. Uchovu na mbio za chooni ndivyo vilivyonisumbua, vinapungua. Onema kanipima kwa kidole (sitaandika zaidi): tezi imenywea. Tumaini ni kubwa, ila nirudi kila miezi mitatu. Sumaili kanipokea kwa jogoo. Yake haikuwa kansa, uvimbe tu. Amepasuliwa, anakojoa kama kijana. Tumekula, tumecheka mpaka Hadidja akatufukuza barazani.

Jumamosi, 12 Mei
Sumaili anasimulia mtaa mzima operesheni yake. Wanamletea ndizi! Mimi, wiki saba za miale, sijapata hata ndizi moja. Haiwezekani. Nimetangaza kwamba miale imenipa uwezo wa kutabiri mvua. Wameamini! Mama Halima kaniletea mkungu mzima, akauliza kuhusu leo. Nikasema jua kali. Kaanika mihogo yake yote.
Radi inanguruma. Matone yameanza. Kesho nitaeleza kwamba hii ni mvua ya jirani zetu wa Kailo, imepotea njia.