Benchi la Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Simu kutoka makao makuu. Mkaguzi anakuja Ijumaa na treni ya asubuhi. Asipoona mtu akipanda hapa kwangu, treni haitasimama tena. Nami napelekwa mjini kupakia mizigo. Mimi, msimamizi wa stesheni! Na nyumba ya stesheni tunaihama, mke wangu na kabichi zake.

Sielewi. Tangu watuwekee nguzo na nyaya na hii treni ya umeme, safi, haina hata moshi, abiria wamekwisha. Ile kuukuu ya dizeli ilikuwa inajaa hadi mlangoni. Watu hawa wanataka nini?

Fundi cherehani kateremka mlimani na begi lake, treni imeshaondoka. Kanilaumu mimi! Ati zamani aliisikia ikinguruma tangu kule darajani, akavaa viatu, akafunga mlango, akashuka, akaikuta. Ya sasa inapita kama paka. Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Kaondoka amenuna.

Jumanne, 5 Machi

Kuna mkono wa mtu hapa. Wa shemeji! Kaka wa mke wangu, msimamizi wa stesheni ya chini. Kwake wanajaa, kwangu hakuna hata nzi. Ananionea kijicho tangu siku ya harusi.

Mke wangu anasema tatizo ni sauti, nimsikilize fundi. Nikamuuliza tangu lini mtu akapanda sauti.

Nimefagia jukwaa lote. Nikiwa nimeinama, treni ikaingia nyuma yangu, ikasimama, ikaondoka. Nimejua baada ya upepo kuchukua kofia yangu. Hilo halihusiani na lolote.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kupeleleza kwa shemeji. Kwa miguu, nimejifunika mtandio wa mke wangu nisijulikane. Shemeji kanijua tangu kwenye kona. Kanisalimu kwa heshima zote, kauliza dada yake hajambo, na huo mtandio si aliomnunulia yeye? Nikajibu jua kali. Kulikuwa na mawingu.

Nikakaa pembeni, nikachungulia. Muda kidogo kabla ya treni, shemeji katoka ofisini na nyundo, kaanza kugonga kipande cha chuma kilichoning'inizwa mlangoni. Gonga, gonga, gonga! Mtu mzima na makelele ya kitoto. Masikio yameniuma hadi sasa. Watu wakaanza kumiminika kutoka mashambani, wengine wanakimbia wakifunga vifungo. Na wote, narudia wote, wakaenda moja kwa moja kwenye benchi.

Benchi lake ni la kijani. Langu ni la kahawia!

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepaka benchi. Rangi ilibaki, nikapaka hata ndoo.

Mke wangu kasema kaka yake hugonga chuma, basi na mimi nigonge. Nikamweleza kwa upole kwamba stesheni si shule. Kasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la nani, hakufafanua.

Kwa tahadhari nimemwomba mama mkwe aje kesho na jirani zake, wavae nguo za safari, wasimame kama abiria. Kakubali haraka mno. Sijui kwa nini alikuwa anacheka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku gani hii! Niandike kwa utaratibu, maana hata mimi sijaielewa.

Rangi haikukauka, kwa hiyo abiria wangu niliwakataza kukaa. Nikawapanga mstari, wakaipa mgongo reli, nikawafundisha namna ya kuonekana wenye haraka. Mama mkwe akalalamika miguu. Nikamwomba radhi, nikaendelea.

Ghafla mke wangu, juu ya mnara wa tangi la maji, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Anaipiga! Nilidhani amepatwa na wazimu. Mlima mzima ukafunguka. Fundi cherehani na begi, wamama na vikapu, mwalimu na kiatu kimoja mkononi. Nilidhani ni fujo. Nikakimbia kumnyang'anya mke wangu ile sufuria, mkaguzi asije akasikia aibu yetu. Nikateleza, nikakalia benchi.

Treni ikaingia bila hata kukohoa. Watu wakapanda kwa kila mlango. Mkaguzi kashuka, kauliza hii ni kazi ya nani. Nikasema yangu, nikamgeuzia mgongo aione suruali yangu ya kijani kama ushahidi. Mke wangu kateremka na sufuria yake. Mama mkwe ndiye aliyemweleza yote.

Jumamosi, 9 Machi

Simu tena. Stesheni inabaki. Nyumba inabaki. Msimamizi ni mke wangu, na mimi msaidizi wake, kazi yangu kufagia.

Imeniuma, sitaficha. Kofia yangu inamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Nimempongeza, akanishika bega, akasema polepole baba watoto, utazoea.

Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Benchi limepakwa Alhamisi, watu wamejaa Ijumaa. Nani atabisha? Sitamwambia mke wangu. Mwache afurahi.

Kinachonitia wasiwasi ni yale makelele tu. Abiria wa heshima, anayekuja kukaa kwenye benchi zuri, akisikia mwanamke anapiga sufuria juu ya tangi, si atarudi nyumbani? Lazima mtu aiokoe stesheni hii kimyakimya. Nimezificha sufuria zote darini, na miiko. Chakula cha jioni hakijapikika, mke wangu anatafuta kila kona, nami namsaidia kutafuta.

Kesho abiria watakuja wenyewe.